Sauti ya baba inazidi kufifia kwa sababu ya Parkinson, tunamsaidiaje?

Kitindamimba ameuliza:

Habari zenu wadau, naomba mawazo yenu maana hapa nyumbani tumekwama. Baba yangu ana ugonjwa wa Parkinson miaka kadhaa sasa, dawa anakunywa vizuri, mkono umepungua kutetemeka, kutembea anatembea japo anakokota mguu mmoja, kwa hiyo upande huo tunashukuru. Shida yetu ni sauti. Imeshuka taratibu mno mpaka hatujui ilianza lini, sasa hivi akiongea inabidi umsogezee sikio karibu na mdomo na bado unaambulia nusu. Maneno mawili matatu ya mwanzo unayapata halafu yaliyobaki yanaishia kooni, na ukimwambia baba sijakusikia anakasirika, anasema mimi naongea kawaida nyie ndio wenye matatizo ya masikio. Na anaamini hivyo kabisa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ameanza kunyamaza. Huyu ni mtu ambaye akianza stori watu wanasogeza viti. Sasa wageni wakija anakaa tu, uso hauonyeshi chochote, wao wanadhani amewachoka au amechukia kumbe anafuatilia mwanzo mwisho, wakishaondoka ananiuliza kuhusu yale waliyokuwa wanaongea. Simu ndio hataki hata kuiona kwa sababu mtu wa upande wa pili anasema haloo haloo halafu anakata.

Sasa naomba kujua, hii sauti inarudi au ndo imeshakwenda? Kwa nini dawa zimesaidia mkono na sauti zimeiacha vilevile? Na kuna mazoezi gani ya maana anayoweza kufanya, maana mtandaoni kila mtu anasema lake. Halafu sisi wa nyumbani tuishi naye vipi kwenye hili, mama amechoka kusema "nini?" kila dakika na baba naye amechoka kuulizwa. Asanteni sana.

Pumzi_Ndefu amejibu:

Pole sana mdogo wangu, na mzee mpe pole zangu. Mimi ni mgonjwa wa Parkinson mwenyewe kwa hiyo ntakuelezea inavyokuwa kwa ndani, hasa hilo la "naongea kawaida", maana familia nyingi zinagombana hapo zikidhani mzee anafanya ubishi.

Baba yako anakwambia ukweli anaousikia yeye. Mimi nikiongea kwa sauti ambayo kichwani kwangu ni ya kawaida kabisa, wenzangu wanapata mnong'ono. Nikiongea kwa sauti ambayo wao wanaiona ya kawaida, mimi najisikia napiga makelele mpaka naona haya. Ugonjwa unavuruga kipimo cha ndani, ni kama mizani iliyoharibika inayosoma kilo mbili wakati umeweka moja, sasa utamlaumuje muuzaji ambaye anaisoma kwa uaminifu? Ndo maana kumwambia mtu "ongeza sauti" kunasaidia kwa sentensi moja tu, ya pili anarudi kulekule, kwa sababu mizani yake bado inamwambia kwamba amezidisha.

Kilichonisaidia mimi ni tiba ya sauti inayoitwa LSVT LOUD. Ilianzishwa 1987 Marekani na hizo herufi zinabeba jina la Lee Silverman, mama mmoja aliyekuwa na Parkinson ambaye familia yake ilitamani tu iweze kumsikia na kumwelewa. Ni nzito kidogo: siku 4 kwa wiki kwa wiki 4, kila kipindi saa moja, yaani vipindi 16, na juu ya hapo una kazi ya nyumbani kila siku. Watu wanaogopa wakisikia hivyo lakini uzito huo ndio unaofanya kazi, kipimo cha ndani hakirekebishiki kwa kufanya mara moja moja.

Chenyewe unachofanya ni chepesi kueleza. Unakaa wima au unasimama, unavuta pumzi ya kutosha, unatoa "aaaa" kubwa na safi, unaishikilia mpaka pumzi inapokaribia kwisha, halafu unarudia, na unarudia tena. Isiwe ya kukaba koo wala ya kugomba, iwe sauti iliyojaa. Halafu "aaaa" inayopanda juu mpaka unapoweza na nyingine inayoshuka chini. Halafu unachukua sentensi kumi ambazo wewe mwenyewe unazisema kila siku, zangu moja ilikuwa "nani amechukua miwani yangu?", unazisema zote kwa nguvu ileile ya "aaaa". Baadaye unasoma kwa sauti, unaongea stori, unaongea kwenye simu. Lengo linabaki moja muda wote, SAUTI KUBWA, hupewi orodha ya mambo kumi ya kukumbuka, na hapo ndo pazuri kwa sababu ukikuza sauti pumzi inakuja yenyewe, mdomo unafunguka zaidi, maneno yananyooka na hata uso unapata uhai kidogo.

Mtaalamu wangu alikuwa ananirekodi kwenye simu halafu ananiuliza kabla hajacheza, unadhani hapa ulikuwa unapiga kelele? Mimi nasema ndiyo, tena sana. Anacheza, nasikia mtu anaongea kawaida kabisa na mtu huyo ni mimi. Hicho ndo kilinibadilisha kuliko maelezo yote.

Mtaalamu_wa_Usemi amejibu:

Nafanya kazi ya tiba ya usemi na Pumzi_Ndefu ameeleza vizuri sana, mimi naongezea tu upande wa kwa nini.

Kwenye Parkinson seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mijongeo ya mwili, zinakufa, na dopamini ikipungua mwili mzima unaanza kufanya mambo kwa udogo. Hatua zinakuwa fupi, mwandiko unapungua mpaka hausomeki, kope zinapepesa kwa nadra, uso unatulia, na sauti nayo ni mjongeo wa misuli kama mingine kwa hiyo nayo inapungua. Kifua kinakakamaa pumzi inakuwa fupi, nyuzi za sauti hazikutani vizuri hewa inavuja katikati ndo unasikia ile sauti yenye pumzi pumzi au ya kukwaruza, ulimi na midomo havifiki vinapotakiwa. Kwa makadirio yanayotumika sana kwenye fani yetu, karibu watu 9 kati ya 10 wenye Parkinson wanapata mabadiliko ya sauti au usemi wakati fulani, kwa hiyo mzee hayuko peke yake hata kidogo. James Parkinson aliyeueleza ugonjwa huu 1817 naye aliona mpaka usemi unavyoharibika.

Kuhusu dawa swali lako ni zuri. Levodopa, ile dawa kuu ya Parkinson, inasaidia sana mikono na miguu lakini kwenye sauti matokeo yake ni madogo na yanatofautiana mtu na mtu, mwingine anapata nafuu kidogo mwingine hapati. Hata upasuaji wa kuweka nyaya ubongoni, ambao unapunguza sana kutetemeka, unaweza kuacha usemi ukiwa mbaya zaidi, kwa hiyo mtu akiambiwa habari ya upasuaji aulize kabisa na kuhusu sauti. Ndo maana kwa sauti tunategemea mazoezi. Uingereza kulifanyika utafiti mkubwa uliochapishwa 2024 ukihusisha watu 388, waliofanya LSVT LOUD wakaona shida ya sauti inawasumbua kidogo kuliko waliopata tiba ya usemi ya kawaida na kuliko ambao hawakupata tiba. Baadhi yao koo liliwasumbua na sauti kukwaruza, jambo linalonileta kwenye tahadhari mbili.

Kwanza, kabla mzee hajaanza "aaaa" za nguvu aonwe na daktari wa masikio, pua na koo amwangalie nyuzi za sauti kwa kamera. Mtu akiwa na Parkinson kila kitu kinasukumiwa Parkinson, wakati sauti iliyokwaruza kwa muda mrefu inaweza kuwa na sababu nyingine kabisa inayotaka matibabu yake. Pili, aanze na mtaalamu asianze na video peke yake, kwa sababu ni rahisi sana kutafuta ukubwa wa sauti kwa kukaza shingo. Ukimwona mishipa ya shingo inatoka na uso unajikunja, simamisha. Kama mtaalamu yuko mbali, vipindi vya video kwenye simu au kompyuta vinafanya kazi vizuri tu, hilo tumelipima na matokeo hayapishani sana na ya ana kwa ana.

Kuna na programu nyingine inaitwa SPEAK OUT! ambayo msisitizo wake ni kuongea kwa kukusudia, yaani mtu anaacha kuongea bila kufikiri kama sisi wengine tunavyofanya na kila neno analitoa kwa makusudi. Kwa wengine hiyo inawaingia haraka zaidi. Yoyote kati ya hizi ni nzuri ilmradi aliyefundishwa ndiye anayempa.

Na umeuliza kama sauti inarudi. Inarudi kwa sehemu kubwa kwa watu wengi wanaofanya kazi hiyo, ila ugonjwa unaendelea kwa hiyo mazoezi hayana siku ya kuhitimu. Dakika kumi kumi na tano kila siku baada ya vipindi kwisha, na kurudi kwa mtaalamu kuangaliwa kila baada ya muda. Afanye wakati dawa imemkolea, asifanye wakati imeanza kuisha mwilini. Kusafisha koo kwa kukohoa "khm khm" kila saa apunguze, kunagonganisha nyuzi za sauti bure, ameze mate au apige funda la maji.

Nipo_Nae amejibu:

Mimi ni mke wa mgonjwa, mume wangu ana Parkinson na naandika hii zaidi kwa ajili ya mama yako, mwambie mwenzie namwelewa sana.

Lile neno "nini?" tulikubaliana tuliache. Sasa hivi nikikosa neno narudia ile sehemu niliyoisikia halafu nauliza kilichobaki, kwa mfano nasema "umesema kesho twende... wapi?" Anajibu neno moja tu badala ya kuanza sentensi nzima upya, na anaona kwamba nilikuwa namsikiliza. Hili dogo limepunguza ugomvi nyumbani kwetu kuliko kitu kingine chochote.

Televisheni tunazima kabla hajaanza kuongea. Simuulizi kitu nikiwa chumba kingine, naenda alipo nakaa uso kwa uso, mwanga uwe unamwangaza usoni nione midomo. Na kumalizia sentensi zake tumekatazana wote na watoto, hata kama unajua anachotaka kusema, maana anafikiri vizuri sana ila neno linachelewa kutoka, ukimuwahi mara nyingi anaona hamna haja ya kuongea. Wageni nawaambia mapema kabla hawajakaa, huyu anawasikia na amefurahi mmekuja, uso wake haumtii ila moyo uko palepale, mpeni nafasi. Watu wakishajua wanabadilika papo hapo.

Sasa mambo mengine ya mwili, kwa sababu mimi nimeona sauti ya mume wangu inafuata hali yake ya jumla. Akilala vibaya sauti inashuka. Akikaa siku nyingi bila choo anakuwa mzito, na dawa yenyewe naiona inachelewa kumshika, kwa hiyo maji, vyakula vyenye nyuzinyuzi na kutembea kwetu ni sehemu ya tiba. Levodopa ameze nusu saa kabla ya kula kama tumbo linamruhusu, kwa sababu protini inashindana nayo kuingia mwilini, ila msimkatie protini mzee akakonda, ni kupanga muda tu mkisaidiana na daktari. Vidonge vya madini ya chuma navyo visimezwe pamoja nayo. Na hili nawaomba mliandike mahali: Parkinson haiendi na dawa ya kuzuia kutapika inayoitwa metoclopramide wala ile ya magonjwa ya akili inayoitwa haloperidol, zinazuia dopamini ileile tunayoitafuta, akilazwa popote kwa ugonjwa wowote mtaje hilo na mtaje saa zake za dawa zisirukwe. Dawa za Parkinson pia haziachwi ghafla, ni hatari kweli.

Mazoezi ya mwili ni dawa ya pili. Kwetu tuliambiwa angalau dakika 150 kwa wiki, kutembea kwa hatua ndefu, baiskeli ya kukalia ndani, kucheza muziki, hata ngumi zile za mfuko kuna wagonjwa wanafanya na wanazipenda. Akifanya mwili kwa ukubwa hata sauti inaamka, mimi huwa namhesabisha kwa sauti wakati ananyoosha mikono, mazoezi mawili kwa mpigo mmoja.

Na huko kunyamaza kwa baba msikuchukulie ni sauti peke yake. Sonona na wasiwasi vinakuja na ugonjwa wenyewe, kemikali za ubongo zimeguswa, vinaweza kuja hata kabla ya kutetemeka, na vina matibabu. Mume wangu alipotibiwa hilo ndo akakubali hata kuanza mazoezi ya sauti. Mtajieni daktari wake wa mishipa ya fahamu waziwazi, wagonjwa wenyewe mara nyingi hawasemi.

Mpitanjia_K amejibu:

Samahani kuingilia, vipi kuimba? Mjomba wangu ana huu ugonjwa, kuongea tabu ila akiimba unamsikia chumba cha pili, inawezekana vipi?

Mtaalamu_wa_Usemi amejibu:

@Mpitanjia_K umeona kitu cha kweli. Kwenye wimbo mapigo na melodi vinamwongoza mtu kutoka nje, ubongo hauhitaji kutegemea sana ile njia ya ndani iliyoharibika, ndo sababu hiyohiyo mtu aliyeganda mlangoni anaweza kuanza kutembea ukimhesabia moja mbili moja mbili. Kuna kwaya za watu wenye Parkinson nchi mbalimbali na faida zake ni nyingi, pumzi, furaha, kukutana na wenzako. Ila kuimba peke yake kusichukue nafasi ya tiba ya kuongea, kwa sababu nguvu ya kwenye wimbo haihamii yenyewe kwenye maongezi, inabidi uihamishe kwa mazoezi. Aimbe mstari mmoja halafu maneno yaleyale ayaseme kwa nguvu ileile, hapo inakuwa daraja zuri. Na kwa ambaye shida yake ni maneno kukimbizana, mpe kugonga kidole mezani kila neno, kinampunguza mwendo.

Kitindamimba amejibu:

Jamani asanteni, nimesoma na mama mstari kwa mstari na hilo la kurudia ulichosikia ameshaanza leoleo. Kuna kitu sikuandika mwanzo kwa sababu nilidhani hakihusiani. Baba siku hizi akinywa maji anapaliwa, sio kila mara, na baada ya kunywa sauti inakuwa kama ina maji maji ndani. Mate pia yanamtoka usiku mto unalowa, na nguo zinampwaya. Inahusiana? Halafu kwenda kwa mtaalamu wa sauti amekataa, anasema hana shida.

Mtaalamu_wa_Usemi amejibu:

Inahusiana, na hili sasa liwe la kwanza kabla ya sauti. Misuli inayoongea ndiyo hiyohiyo inayomeza. Kupaliwa na maji, sauti ya majimaji baada ya kunywa, kupungua uzito, vyote ni dalili kwamba huenda vinywaji vinateleza kuelekea mapafuni, na nimonia inayotokana na hilo ni moja ya sababu kubwa za vifo kwa watu wenye Parkinson. Tena wengine kinaingia bila hata kukohoa kwa hiyo msipime kwa kikohozi tu. Mpigieni daktari wiki hii muombe kipimo cha kumeza, kuna cha eksirei ya video ambapo anameza kitu kinachoonekana kwenye picha, na kuna cha kamera nyembamba inayopita puani. Kikionyesha tatizo liko wapi ndo anapangiwa namna ya kumeza, uzito wa vinywaji kama unahitajika, na mazoezi yake.

Kwa sasa hivi akae wima kabisa wakati wa kula na abaki wima angalau nusu saa baada ya hapo, ale wakati dawa imemkolea, funda dogo dogo, ameze ndo aongeze, asiongee na chakula mdomoni, na asiharakishwe. Meno na kinywa visafishwe vizuri kila siku, wadudu wa mdomoni wakishuka mapafuni ndio wanaoleta nimonia. Msianze kumpa vinywaji vilivyofanywa vizito au kumwinamisha kidevu kwa kubahatisha kabla ya kipimo, kinachomsaidia mmoja kinaweza kumdhuru mwingine. Mate yanayomtoka mara nyingi sio mengi kuliko yako, ni kwamba anameza mara chache, na hilo nalo lina msaada, mtajieni daktari. Akipata homa, akianza kuhema kwa shida au kikohozi kikabadilika, msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni siku hiyohiyo.

Pumzi_Ndefu amejibu:

Kuhusu kukataa, mdogo wangu msimbishie habari ya sauti kabisa. Kipimo cha kumeza atakikubali kirahisi kwa sababu kupaliwa anakuona mwenyewe, hana wa kumsingizia, na mara nyingi mtaalamu wa kumeza na wa sauti ni mtu mmoja, akishakaa mbele yake hayo mengine yatajitokeza. Kabla ya hapo mwombe ruhusa, narudia mwombe, msimrekodi kwa siri ataona mnamtega, muweke simu upande wa pili wa chumba asome gazeti dakika moja kwa sauti anayoiona ya kawaida halafu asikilize mwenyewe akiwa amekaa pale simu ilipokuwa. Kuna programu za simu za kupima sauti kwa desibeli, maongezi ya kawaida yanacheza kwenye 60 hivi ukiwa mita moja, akiona namba yake haibishani naye mtu. Akiwa tayari kuongea na mgonjwa mwenzie anitumie ujumbe humu, nitampigia kwa video tufanye "aaaa" pamoja.